Mgeni Amekuja, Mwenyeji Bado Hajapona

Na Mkulima wa Gede

Wakulima wenzangu, kila mwaka mwezi wa Desemba ukifika, barabara itokayo Mombasa kwenda Malindi hujaa magari ya watu wa bara. Wanatoka Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, pamoja na watoto wao, na mizigo imefungwa juu ya gari. Wote hupita mbele ya mashamba yetu ya Mtwapa, Tezo, Ngerenya, Roka na Gede. Nasi tunasimama chini ya mikorosho yetu tukiwatazama, kama mtu anayesikia ngoma ya arusi ya jirani naye hakualikwa.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgeni amekuja. Lakini ukiwauliza wakulima kumi wa skimu zetu kama wamepona kwa kuja kwake, wengi watakuambia kwamba walichopata ni moshi wa magari. Nataka leo kueleza kwa nini iko hivyo, na nini kifanywe. Maoni yangu kwa kifupi ni haya: hatua za Serikali za kuwahimiza wananchi watembee nchi yao ni njema, lakini zimekomea kwenye lango la hoteli. Yafaa zifike shambani. Na sisi wenye mashamba yafaa tuwe tayari kuzipokea.

SERIKALI IMEFANYA NINI?

Kwanza na tuelewane juu ya maneno. Utalii wa ndani ni mwananchi kutembea katika nchi yake mwenyewe: akatoka kwake, akalala mahali pengine, akala, akatazama mambo, kisha akarudi nyumbani. Mtoto wa shule anayeletwa na mwalimu wake kutazama magofu ya Gede ni mtalii. Karani anayekuja Malindi kwa semina ya siku tatu ni mtalii. Wanakwaya wanaokuja Kilifi kwa mkutano wa kanisa ni watalii. Si lazima mtu avuke bahari ndipo aitwe mtalii.

Wazo hili si geni katika Kenya. Mwaka 1984 Serikali iliunda baraza la kuhimiza utalii wa wananchi. Lakini kwa miaka mingi tangu hapo, wageni wa ng'ambo walipopungua ndipo wananchi walipokumbukwa. Na wageni wa ng'ambo waliporudi, wananchi walisahauliwa.

Mambo yaligeuka kwa nguvu mwaka 2014. Mwaka 2011 wageni zaidi ya milioni 1.8 walikuwa wamekuja Kenya kutoka nchi za nje. Kisha yakaja mashambulio ya magaidi, nchi za Ulaya na Marekani zikawaonya watu wao, na mwezi wa Mei 2014 makampuni ya utalii ya Uingereza yakawaondoa wageni wao Mombasa kabla ya likizo zao kwisha. Kufika mwaka 2015 wageni wa nje walikuwa wamepungua hata chini ya milioni 1.2. Hoteli nyingi za Pwani zilifunga milango, na vijana wetu waliokuwa wapishi, watunza bustani na wahudumu wakarudi nyumbani kukaa.

Mwezi huo huo wa Mei 2014 Serikali ilitangaza hatua kadha. Mwajiri aliyemlipia mfanyakazi wake likizo ndani ya Kenya aliruhusiwa kutoa gharama hiyo katika hesabu yake kabla ya kutozwa kodi, kwa muda wa mwaka mmoja. Maofisa wa Serikali waliruhusiwa tena kufanya mikutano yao katika hoteli za watu binafsi. Bodi ya Utalii ya Kenya nayo ikaeneza wito wa Tembea Kenya. Mwezi wa Juni 2017 gari moshi jipya la Nairobi mpaka Mombasa likaanza kuchukua abiria, na tikiti ya bei ya chini ilikuwa shilingi 700. Ni kweli kwamba bei hiyo ilipanda, na Januari 2024 ilifika shilingi 1,500. Lakini hata hivyo watu wengi ambao hawakupata kuona bahari maisha yao yote wameiona. Ugonjwa wa korona ulipofunga dunia mwaka 2020, Serikali ilipunguza kodi ya mauzo kutoka asilimia 16 mpaka 14 kwa miezi kadha, ikatenga na fedha za kuwakopesha wenye hoteli ili watengeneze majengo yao.

Hatua hizi zimezaa matunda. Katika vitanda vyote vya hoteli vilivyolaliwa Kenya mwaka 2019, zaidi ya nusu vililaliwa na wakazi wa Kenya wenyewe. Hilo si jambo dogo. Zamani ungesema hivyo watu wangecheka.

Sasa hebu zitazame tena hatua hizo moja moja. Kodi ilimfaa mwajiri. Mikutano ilimfaa mwenye hoteli. Gari moshi lilimfaa msafiri. Mkopo ulimfaa mwenye jengo. Ni ipi iliyomtaja mtu anayelima chakula atakachokula mgeni huyo? Mimi sikuiona.

NILIYOYAONA MWENYEWE

Mwaka 2013 mimi na majirani sita tulikuwa tukipeleka bilinganya, mapapai na ndimu katika hoteli moja ya ufukoni, ambayo sitaitaja. Wageni wake walikuwa wa Ulaya watupu. Bei ilikuwa nzuri, lakini fedha zililipwa baada ya siku 60, na pengine 90. Tulivumilia, maana tulijiona wakubwa. Mwaka uliofuata, ndege zilipoacha kuja, tulifika na mzigo wetu asubuhi moja tukakuta kufuli langoni, na askari akatuambia kwamba meneja amekwenda zake. Deni letu la miezi mitatu halijalipwa mpaka leo. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kopa fedha za kununua mashini ya kuvuta maji. Ilimbidi auze ng'ombe wake wawili wa maziwa ili alipe.

Desemba ya mwaka huo huo nilikuwa nikipalilia mchicha karibu na njia, nikaona mama mmoja amesimama na watoto wawili.

"Habari ya kazi, mzee," akasema.

"Njema, mama. Karibu."

"Mchicha huu ni wa kuuza?"

Nikamwambia ni wa kuuza. Akashika kiuno, akacheka kwa uchungu. "Basi mbona hakuna aliyetuambia? Sisi tumetoka Nakuru na gunia la sukuma wiki ndani ya gari, kwa kuwa tuliambiwa Pwani hakuna mboga. Tulipofika Mtito Andei sukuma ilikuwa imekwisha kuwa manjano."

Mama yule na jamaa zake walikuwa wamekodi nyumba huko Watamu kwa juma moja, nao walikuwa wakijipikia wenyewe. Siku ile alinunua mchicha, kuku wawili, madafu na fuko la maembe, akalipa papo hapo kwa simu. Kesho yake akaja na jirani yake wa nyumba ya pili. Kesho kutwa wakaja watu wa nyumba ya tatu. Juma lilipokwisha nilikuwa nimepata karibu sawa na kile ambacho hoteli ile ingenilipa kwa mwezi, tena hapana mtu niliyemdai. Kabla ya kuondoka mama aliandika nambari yangu ya simu. Akasema, "Mwaka ujao nitakupigia kabla sijatoka nyumbani."

Naye alipiga. Tangu siku ile nimeufikiri sana utalii wa ndani, wala sikuufikiri kwa sababu ya hotuba yoyote.

KWA NINI MGENI WA BARA ATUFAA?

Labda mtu atasema, "Watu wa bara ni wabahili. Mzungu mmoja ni bora kuliko wao kumi." Nami nilidhani hivyo. Lakini tuangalie jinsi fedha zinavyotembea.

Wageni wengi wa ng'ambo hununua safari nzima huko kwao: ndege, kitanda, na chakula chote. Sehemu kubwa ya fedha hizo haifiki hapa kamwe. Akifika hotelini mgeni huyo hana haja ya kutoka nje kutafuta chakula, maana amekwisha kilipia. Kinyume chake, mgeni wa bara huja na fedha zake mfukoni, naye hununua kila siku anachohitaji. Wengi hukaa katika nyumba za kupangisha kwa siku, hujipikia, na watoto wao hula mara nne kwa siku. Tena chakula anachokipenda ndicho tunachokilima: kunde, mchicha, muhogo, mahindi mabichi, kuku wa kienyeji, mayai, ndizi, maembe na madafu. Hapana haja ya kumlimia kitu kigeni.

Pia tukumbuke kwamba soko la mbali hufungwa na mtu wa mbali. Mwaka ule ule wa 2014 watalii walipoonywa wasije, maembe yetu nayo yalisimamishwa kwenda Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Mlango huo haukufunguliwa tena mpaka mwaka 2021. Tangazo la balozi lilimzuia mgeni, nzi akalizuia embe, na katika mambo yote mawili mkulima wa Kilifi hakuulizwa neno. Na wale wenye mikorosho hawajasahau jinsi kiwanda cha Kilifi kilivyokufa katika miaka ya 1990 wakabaki na korosho mikononi. Sisemi tuwakatae wageni wa ng'ambo. Waje, na waje wengi. Nasema tu kwamba mwenye mnunuzi mmoja hana mnunuzi. Mtu wa Nakuru hahitaji viza kuja Watamu.

Lakini leo ni nani anayemlisha mgeni huyo wa bara? Nendeni mkatazame malori alfajiri. Hoteli nyingi na maduka mengi ya mboga ya Malindi na Watamu hununua vitu vyao soko la Kongowea, Mombasa. Na Kongowea huletewa mboga kutoka Taita, kutoka Loitokitok, hata kutoka Tanzania. Nyanya inapita mbele ya shamba la mkulima wa Roka ikitoka mamia ya kilomita, ili ikaliwe kilomita chache tu kutoka kwake. Ukimwuliza mpishi wa hoteli sababu, hatakuambia kwamba mboga za wenyeji ni mbaya. Atakuambia, "Leo wananiletea, kesho siwaoni." Neno hili linauma, lakini ni la kweli.

HATUA ZINAZOKOSEKANA

Kwa hivyo naiomba Serikali, ile ya Nairobi na ile ya Kaunti ya Kilifi, iongeze hatua tatu. Hapana hata moja inayohitaji fedha nyingi.

Ya kwanza inahusu mikutano. Wizara na mashirika ya umma hufanya mikutano na semina nyingi katika hoteli za Pwani, na fedha hizo ni za wananchi. Basi katika masharti ya zabuni liongezwe neno moja: hoteli itakayopewa kazi ionyeshe kwamba sehemu ya chakula imenunuliwa kwa vyama vya wakulima vya hapa hapa, na kwamba wamelipwa katika muda wa siku 30. Sheria za ununuzi wa Serikali zimekwisha tenga asilimia 30 ya kazi kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ikiwa jambo hilo liliwezekana, hili nalo laweza kufanyika.

Ya pili inahusu majira. Wageni wa ndani huja kwa wingi Desemba na siku za Pasaka, kisha hupotea. Mwezi wa Mei na Juni, wakati wa masika, vyumba hulala vitupu; na huo ndio wakati mashamba yetu yana majani mabichi, maziwa na mahindi mapya yanayokuja. Msamaha ule wa kodi wa mwaka 2014 ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Mimi ningependa urudishwe, lakini uwe kwa likizo za miezi mitupu peke yake. Mwajiri angepata nafuu, mfanyakazi angepata chumba kwa bei ndogo, na mkulima angepata mteja wakati ambapo sasa mchicha wake unatupiwa mbuzi.

Ya tatu ni kwamba ofisi mbili ziketi meza moja. Katiba ya mwaka 2010 iliweka kilimo na utalii wa mahali mikononi mwa kaunti. Maana yake, Bwana Shamba na ofisa wa utalii wanalipwa na Serikali moja ya Kilifi. Lakini mimi sijapata kuwaona wakija pamoja katika baraza moja. Bwana Shamba anajua ni lini maembe ya Ngerenya yatakomaa. Ofisa wa utalii anajua ni lini mabasi ya shule yatakuja Gede. Wakiambiana habari hizo mbili, na wakatutengea mahali pa kuuzia penye kivuli na maji karibu na magofu, kazi kubwa itakuwa imefanyika. Na mahali penyewe pana sifa sasa kuliko zamani, kwa maana mwezi wa Julai 2024 mji wa kale wa Gede uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Watu wataongezeka. Je, watauziwa embe la nani?

Nina ombi moja zaidi kwa wakubwa wetu: mtuulize kabla ya kupanga. Wenzetu wa Magarini ni mashahidi. Skimu ile ilianzishwa miaka ya 1970 na kusaidiwa na Serikali ya Australia kwa fedha nyingi na wataalamu wengi, lakini mipango mingi ilichorwa na watu wasioijua ardhi ile, na shida ya maji haikuisha. Mkulima akiulizwa mwanzoni, hasara hupungua mwishoni.

NA SISI JE?

Nimesema makosa ya Serikali. Haki ni kusema na yetu.

Kosa letu la kwanza ni kwamba kila mtu anauza peke yake. Mpishi anataka kilo 40 za bilinganya kila Jumatatu na Alhamisi, lakini mimi nina kilo sita, na jirani yangu ana tano. Tukienda mmoja mmoja tunarudishwa, au tunamwuzia mchuuzi kwa bei atakayo. Tukiwa watu kumi katika chama cha ushirika, tukapanga nani apande juma hili na nani juma lijalo, tutakuwa na kilo 40 kila mara.

Wala msiniambie kwamba jambo hili haliwezekani kwetu. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo katika mradi wa Kipepeo hapa Gede. Huwapeleka mahali pamoja wakiwa bado katika vifuko vyao, wakakaguliwa, wakahesabiwa, kisha wakasafirishwa mpaka nchi za ng'ambo kabla hawajaota mabawa. Mkulima akichelewa siku mbili, mali yake inaruka. Ikiwa sisi tumeweza kuuza kipepeo kwa saa yake, hatuwezi kuuza bilinganya?

Mfano wa pili ni wa ghuba ya Mida. Pale iko njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko mpaka mahali pa kutazama ndege. Wageni hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia kulipa karo za watoto wa sekondari kutoka vijiji vilivyo karibu na msitu na ghuba. Mzazi ambaye mtoto wake amesomeshwa na mikoko hahitaji kuhubiriwa asiikate.

Mfano wa tatu unachekesha kidogo. Kule Marafa liko bonde la Nyari, lenye kuta za udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, zilizochongwa na mvua kwa miaka mingi. Sisi wakulima tumefundishwa tangu utoto kwamba mmomonyoko wa ardhi ni adui. Huko Marafa watu wanalipa fedha kuutazama, hasa wakati wa magharibi. Lakini wengi hufika kwa gari kutoka Malindi, wakapiga picha, wakarudi Malindi kula. Mahali hapo panahitaji akina mama watano wenye masufuria safi, mbaazi za nazi, mahamri, na maji ya kunawa mikono.

Kosa letu la pili ni usafi na uaminifu wa kipimo. Mgeni aliyeuziwa embe bovu chini ya fungu zuri hatarudi, na tena atawaambia wenzake. Chuma maembe yaliyokomaa. Usiyatikise mti yakaanguka, maana embe lililopondeka leo ni embe lililooza kesho. Okota yaliyoanguka na uyafukie au uyatie katika mfuko mweusi uliofungwa juani, ili mafunza ya nzi yafe. Panga makubwa mbali na madogo. Uwe na mizani. Na bei ya mgeni wa bara iwe sawa na bei ya mwenyeji. Ukimwongezea kwa sababu ya gari lake, umeuza mara moja tu.

Ikiwa una nyumba yenye chumba safi, choo kizuri na neti ya mbu, unaweza hata kulaza wageni. Lakini usianze kwa siri. Kazi hiyo ina leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Nenda ofisini ukaulize kwanza, usije ukapata faida ya Desemba ukailipa yote faini Januari.

ARDHI

Nimeliacha jambo kubwa mwisho. Utalii wa ndani unapokua, si wageni peke yao wanaokuja. Wanakuja na madalali wa ardhi. Watu wa bara wanaoipenda Pwani wanataka kujenga nyumba za likizo, na hapana ubaya kwao kutaka. Lakini wanazitaka wapi? Karibu na barabara na karibu na bahari; yaani katika skimu zetu.

Nimeona shamba lililokuwa na minazi 80 likikatwa vipande vya robo ekari. Mwenyewe alipata fedha nyingi kwa siku moja kuliko alizopata kwa miaka kumi. Alinunua pikipiki mbili, akaezeka nyumba, akafanya arusi. Leo pikipiki moja ni chuma chakavu, na wanawe wawili ni walinzi wa usiku katika nyumba zilizojengwa juu ya shamba la baba yao. Wanafungua lango, wanafunga lango. Mgeni akitaka dafu, hutumwa mtu sokoni.

Siamuru mtu asiuze mali yake. Lakini sheria yenyewe inataka tufikiri: shamba la kilimo haliuzwi bila kibali cha baraza la kudhibiti ardhi, kwa sheria ya mwaka 1967, na mke au mume ana haki ya kuulizwa. Kibali hicho hakikuwekwa ili kuwasumbua watu. Kiliwekwa ili mtu asiuze kwa hasira au kwa njaa ya siku moja chakula cha watoto wake cha maisha. Kabla ya kutia kidole, keti na jamaa zako mfanye hesabu: shamba hili likilimwa vizuri na kuuza kwa wageni hawa hawa, litatupa nini kwa miaka 20? Pengine mtaona kwamba yule anayetaka kununua shamba lenu ndiye angekuwa mteja wenu bora wa mboga.

Na kwa sababu hiyo nasema hatua za Serikali zikikomea kwenye lango la hoteli, hazitakosa kutufaa tu, zitatudhuru. Zitapandisha bei ya ardhi bila kupandisha bei ya mchicha. Mkulima ambaye shamba lake halimpi kitu, na kila siku anaambiwa kwamba lina thamani ya mamilioni, atauza. Nani atamlaumu? Lakini mkulima anayepeleka mboga Jumatatu na Alhamisi, akalipwa kabla ya mwezi kwisha, atamjibu dalali, "Subiri kwanza, nina kazi."

NENO LA MWISHO

Basi kabla ya mvua zijazo, na tufanye mambo haya. Kila skimu iitishe mkutano, imwalike Bwana Shamba na ofisa wa utalii siku moja. Tuandike majina ya watu kumi kumi walio tayari kupanda kwa zamu. Tuteue vijana wawili wenye simu nzuri wa kuwapigia wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha, na kuuliza kila juma wanataka nini. Tuandike ombi letu juu ya zabuni za semina na malipo ya siku 30, tulipeleke kwa mwakilishi wetu katika bunge la kaunti, na tumwulize jibu lake mbele ya watu.

Mama wa Nakuru alinipigia tena Novemba iliyopita. Watoto wake sasa ni wakubwa. Mmoja yuko chuoni. Aliniuliza kama kuku wapo, na kama maembe ya ngowe yameanza kuiva. Kisha akaniuliza jambo ambalo sikuweza kumjibu. Alisema wako jamaa wanane safari hii, katika nyumba nne, na wote wanataka chakula cha shambani cha juma zima. "Mzee, utatuweza peke yako?"

Sikuweza peke yangu. Niliwaita majirani.